Figo, Tezi na Saratani: Historia ya Istilahi za Tiba ya Njia ya Mkojo

Utangulizi

Istilahi haizaliwi mezani pa wanakamati peke yake. Aghalabu huzaliwa pale jambo jipya linapotendeka na watu wakalazimika kulitaja; kamati huja baadaye kuchambua, kusanifisha na kueneza. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayetaka kuchagua neno lililo sawa hana budi kuijua historia ya jambo lenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya utafiti wa kitabibu juu ya saratani za njia ya mkojo na juu ya upandikizaji wa figo, na kuonyesha mahali ambapo maneno yetu yanafaa na mahali ambapo yanaweza kumpotosha msomaji. Jambo hili si la anasa. Fomu anayotiwa mkononi mgonjwa kabla ya kupasuliwa huandikwa kwa maneno haya haya, na juu ya maneno hayo ndipo anapotia sahihi au dole gumba.

Saratani na kaa

Wayunani wa zama za Hippocrates waliuita uvimbe mbaya kwa jina la kaa, mnyama wa pwani, na inasemekana kuwa mishipa iliyotanda kuuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu yake. Warumi walitafsiri maana hiyo kwa Kilatini, na Waarabu nao wakaitafsiri kwa neno lao la kaa, yaani saratani. Kiswahili kimerithi njia zote mbili: *saratani* kutoka Kiarabu na *kansa* kutoka Kiingereza, ambacho kililitoa katika Kilatini. Ni dhahiri basi kwamba maneno haya mawili ni mnyama mmoja. Hatuoni sababu ya kuyapiganisha, ila katika maandishi rasmi *saratani* limekwisha kukaa, nalo lishikwe.

Tatizo letu haliko katika jina la ugonjwa, bali katika majina ya viungo unamokaa. Chukua *tezi dume*. Hili ni jina la kiungo ambacho kila mwanamume amezaliwa nacho. Lakini katika mazungumzo ya kila siku husikika, "Mzee yule ana tezi dume," kana kwamba ni maradhi. Matokeo yake ni kwamba hali mbili zilizo mbali kabisa huingizwa katika kapu moja: kukua kwa tezi kunakowapata wanaume wengi uzeeni bila kuwa saratani, na saratani yenyewe. Mwenye hali ya kwanza huogopa kifo kisichokuwapo. Mwenye hali ya pili huweza kujifariji kwamba ni uzee tu. Yapasa tuandike daima ama *kukua kwa tezi dume* ama *saratani ya tezi dume*, na tusiliache jina la kiungo lisimame peke yake mahali pa ugonjwa.

Mwaka 1941 Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha kwamba saratani hiyo hutegemea homoni za kiume: wagonjwa walioondolewa korodani, au waliopewa homoni za kike, walipata nafuu. Kwa kazi hiyo Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hapa mfasiri hukutana na mtego. Kiswahili kina kitenzi *kuhasi*, nacho ni sahihi kwa maana. Lakini ni neno la zizini, la fahali na beberu. Ukimwandikia mgonjwa kwamba "atahasiwa", umemwambia kweli kwa namna itakayomfanya atoroke wodini. *Kuondoa korodani* hueleza tendo lile lile na kumwachia mtu heshima yake.

Kibofu nacho kina historia yake. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, na hivyo ikaanza kufahamika kwamba kazi ya mtu yaweza kumtia saratani. Huko Misri, Theodor Bilharz alikuwa amekwisha kumgundua mnyoo wa kichocho mwaka 1851, na mwaka 1911 A. R. Ferguson, akifanya kazi Cairo, alieleza uhusiano kati ya kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutia rasmi mnyoo huo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Habari hii inatugusa sisi wenyewe, kwani kichocho cha mkojo kimekuwa maradhi ya Unguja na Pemba na ya sehemu nyingi za bara. Hata hivyo lugha yetu hutumia neno moja, *kichocho*, kwa maradhi mawili: lile la mkojo na lile la matumbo. Anayefasiri maelezo juu ya saratani ya kibofu hana budi kuandika *kichocho cha mkojo*. Na dalili yake aiite *kukojoa damu*, maneno ambayo hayahitaji kamusi.

Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake, nchini Kanada, walitoa taarifa ya kutibu saratani ya juu juu ya kibofu kwa kutia BCG ndani ya kibofu chenyewe. BCG kwetu ni chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani. Lakini katika kazi hii haikingi. Inatibu, kwa kuichochea kinga ya mwili ipambane na saratani iliyokwisha kuingia. Anayeandika "chanjo ya saratani ya kibofu" atawafanya watu wazima wapange foleni kutafuta kinga ambayo haipo.

Kupandikiza

Neno *kupandikiza* tumelichukua shambani. Mkulima wa mpunga huiotesha miche kitaluni, kisha huing'oa na kuipandikiza bondeni. Tena kuna *kuatika*, lenye maana hiyo hiyo. Sitiari hii ni nzuri, maana mche huweza kushika au kunyauka. Na historia ya figo kwa miaka hamsini ya kwanza ilikuwa historia ya kunyauka.

Mwaka 1902 Emmerich Ullmann alihamisha figo ya mbwa mjini Vienna. Mwaka 1906 Mathieu Jaboulay wa Lyon aliwawekea wagonjwa wawili figo za nguruwe na mbuzi, nazo hazikufaa. Alexis Carrel alibuni ufundi wa kushona mishipa ya damu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1933, huko Kherson, Yurii Voronoy alimwekea mgonjwa figo ya maiti. Mgonjwa alifariki baada ya siku mbili. Katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1952, madaktari wa Paris walimpa kijana Marius Renard figo ya mama yake mzazi. Figo ilifanya kazi kwa wiki tatu, kisha ikakoma, na kijana akafa.

Ufundi wa kushona ulikuwa umekamilika. Kilichokosekana ni kufahamu kwamba mwili hutambua kilicho chake na kisicho chake. Peter Medawar, aliyekuwa amechunguza ngozi walizobandikwa watu walioungua, alionyesha mwaka 1943 pamoja na Thomas Gibson kwamba ngozi ya mtu mwingine ikibandikwa mara ya pili hukataliwa upesi kuliko mara ya kwanza. Mwili hukumbuka. Ndiyo maana ushindi wa kwanza ulipatikana kwa mapacha. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake Richard, ambaye aliishi miaka minane zaidi. Baadaye zilikuja dawa: azathioprini mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha siklosporini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1983. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018.

Kutokana na historia hii tunaona mambo matatu. Kwanza, *kubadilisha figo*, msemo unaopendwa na wengi, haufai. Kwa kawaida figo za zamani huachwa mahali pake, na ile mpya huwekwa chini karibu na nyonga, hata mtu akawa na figo tatu. Pili, *mapacha wanaofanana* haitoshi, kwani ndugu wengi hufanana. Tuseme *mapacha wa yai moja*. Vivyo hivyo *ndugu* kwetu ni ukoo mzima, hata mwananchi mwenzako; mganga akimtafuta mtoaji aulize *ndugu wa damu*, tena wa baba na mama mmoja. Tatu ni zile dawa. Kwa miaka mingi tumewafundisha watu kwamba kinga ni jambo jema na upungufu wake ni UKIMWI. Mgonjwa akiambiwa ghafla kwamba atameza *dawa za kupunguza kinga* maisha yake yote, ana haki ya kushtuka. *Dawa za kutuliza kinga* hueleza lengo lake vizuri zaidi. Lakini tusifiche hatari: tangu miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba kinga iliyotulizwa huacha mlango wazi kwa saratani, na kwamba saratani iliyojificha katika figo ya mtoaji huweza kuhamia kwa mpokeaji. Ndipo historia zetu mbili zinapokutana.

Jaribio, idhini na ridhaa

Hatua zote tulizozitaja zilipitia miilini mwa watu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 zilisisitiza kwamba mtu asifanyiwe utafiti bila kuelewa na kukubali. Kiswahili kina utajiri hapa tusioutumia ipasavyo. *Idhini* hutolewa na mwenye mamlaka. *Ridhaa* hutoka moyoni mwa anayehusika. Kamati ya maadili hutoa idhini, mgonjwa hutoa ridhaa. Fomu inayomwomba mgonjwa "idhini" imemgeuza kuwa karani wa kugonga mhuri. Kadhalika *mfadhili* ni mwenye kumwaga fedha. Aliyetoa figo yake ni *mtoaji*, naye hakuuza wala hakukopesha.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba wafasiri na waganga wakae pamoja kabla fomu hazijachapwa, na kwamba kila istilahi isomwe kwa sauti mbele ya watu wasio waganga, kisha waulizwe wameelewa nini. Walimu nao wawafundishe wanafunzi tofauti ya kiungo na maradhi yake. Majina tunayo karibu yote. Linalobaki ni kuyapanga kila moja mahali pake, kabla mgonjwa hajakabidhiwa kalamu.