Milioni 41 ndani ya chumba kitupu: habari ya Color

Ndugu na dada wasomi, kila mara tukikutana kuzungumzia mradi, neno la kwanza ni lile lile: «Feza itatoka wapi?» Mimi pia nilishasema vile mara nyingi. Njo maana leo nawaletea habari ya kampuni moja iliyopata feza mbele ya kupata watu.

Ilikuwa Marekani, mji wa Palo Alto, mwezi wa Machi 2011. Kampuni iliitwa Color. Mwanzilishi wake, Bill Nguyen, alikuwa mtu wa kuheshimiwa: kampuni yake ya muziki, Lala, ilinunuliwa na Apple mwaka 2009. Juu ya sifa hiyo, wenye mitaji, Sequoia Capital wakiwa mbele, walitoa dola milioni 41 wakati programu yenyewe haijatoka. Jina color.com peke yake lilinunuliwa kwa dola 350 000.

Wazo lilikuwa hivi: ukipiga picha na simu, kila mwenye programu aliye karibu nawe, katika mita kama 45, anaiona palepale. Hakuna kuombana urafiki. Fikiri siku ya kolasyo: ukumbi umejaa, na picha za simu zote zinaingia kwenye albamu moja. Kweli, wazo lilikuwa zuri.

Lakini ile siku ya kwanza watu hawakuwa ukumbini. Kila mmoja aliifungua akiwa nyumbani ao kazini, peke yake. Programu ikatafuta majirani, ikakosa. Mtu akaona kioo kitupu, hajui afanye nini. Akafunga, hakurudi tena.

Sasa angalia Instagram. Kevin Systrom na Mike Krieger walianza na programu iliyoitwa Burbn, yenye mambo mengi mno. Waliona watu wanapenda picha tu, wakakata mengine. Wao pia walipewa feza, lakini mwanzoni ilikuwa dola 500 000 tu. Instagram ikatoka Oktoba 2010. Hata ukiwa huna rafiki mule ndani, ulipata kitu: picha hafifu ya simu inageuka nzuri. Marafiki walikuja nyuma. Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1, wafanyakazi wakiwa 13 tu.

Color ikajaribu kujigeuza, ikaingia kwenye video fupi kupitia Facebook. Bure. Mwisho wa 2012 ilifungwa, na sehemu ya wahandisi wake wakaenda Apple.

Kwa nini habari hii inanigusa? Mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na mradi wa programu ya kuuziana vitabu na nota za kozi. Dosye ya kutafuta mfadhili tuliiandika upya mara nne. Kwa miezi yote ile, hatukumuonyesha mwanafunzi hata mmoja kile tulichokuwa tunatengeneza. Mfadhili alipokosekana, nililaumu nchi. Siku hizi najiuliza ulizo lingine: kama feza ingepatikana, mwanafunzi wa kwanza kuifungua angekuta nini mule ndani?

Jibu ni hili: angekuta hakuna kitu, hata kitabu kimoja. Basi tumeanza upya, na vitabu vyetu wenyewe: kumi na viwili.