Shilingi za Lowe na Darasa Lisilo Mashine

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule kwa matokeo. Robert Lowe, aliyesimamia elimu wakati huo, alitaka fedha ya umma ionekane imezaa nini. Mara moja kwa mwaka mkaguzi alifika, akamsikiliza kila mtoto akisoma, akatazama mwandiko wake, akampa hesabu. Mtoto wa zaidi ya miaka sita aliyehudhuria vya kutosha aliiletea shule shilingi 8. Kwa kila somo aliloshindwa kati ya hayo matatu, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Lowe aliliona darasa kama mashine: tia nguvu huku, mazao yatoke kule kwa kiasi kilekile.

Darasa halikukaa kimya likingoja kupimwa. Walimu, ambao mara nyingi ujira wao ulitegemea fedha hizo, waliyakazania yaliyolipiwa na kuyasukuma pembeni yasiyolipiwa. Watoto walikaririshwa kitabu kilekile ambacho mkaguzi angekifungua. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliripoti kwamba kwa maandalizi ya ujanja mtoto aliweza kuvushwa mtihani bila kujua hasa kusoma, kuandika wala kuhesabu. Kipimo kiliingia ndani ya kitu kilichopimwa, kikakigeuza. Hapo ndipo penye kosa la Lowe, na si katika hesabu zake.

Lugha ya kulieleza jambo hilo ilipatikana karibu miaka mia moja baadaye, tena kwa watu wa hali ya hewa. Mwaka 1961 Edward Lorenz, huko chuo cha MIT, alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta akiingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ilikua hadi hali ya hewa ya kwanza na ya pili zikaachana kabisa. Baadaye nadharia ya kaosi, ya tofauti ndogo kuzaa kubwa, na ile ya mifumo changamano zilisambaa, na wanaelimu wakazipokea: William Doll katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mtaala, kisha Brent Davis na Dennis Sumara mwaka 2006.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kaosi ni hisabati, na darasa halina milinganyo. Ni kweli, na anayedai kuikokotoa kaosi ya darasa anajidanganya. Lakini hoja ya mifumo changamano haisimami juu ya milinganyo pekee. Inatosha kuwa na wahusika wengi wanaotazamana, wanaojifunza na kubadilika kwa kujibu kila kinachowafika, na hao Arnold aliwaona kwa macho yake. Wengine huuliza: kama darasa halitabiriki, maandalio ya somo ni ya nini? Watabiri wa hali ya hewa hawakuacha kazi baada ya Lorenz. Hutabiri siku chache, hupima upya, hurekebisha. Mwalimu anayekagua madaftari leo na kubadili somo la kesho yuko katika njia hiyo. Mkaguzi wa mara moja kwa mwaka hayumo.

Malipo kwa matokeo yalianza kulegezwa miaka ya 1890, yakakoma kabisa 1897. Mwaka 1911 Edmond Holmes, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa shule, alichapisha kitabu akieleza kwamba mazoea ambayo mfumo ule uliwatia walimu yalikuwa bado yanaishi madarasani.