Kiswahili kilivyopenya kwenye Linux

Mwanzoni nilidhani kosa ni langu. Kila nilipoandika Kiswahili kwenye tarakilishi yangu kuukuu, mistari myekundu ilijaa chini ya maneno, utadhani nimeandika upuzi. Kumbe kamusi iliyokuwa ndani ilijua Kiingereza tu!

Fundi wa mtaani akaniwekea Linux, bure. Linus Torvalds alianza kuiunda mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, kisha akaiacha wazi ili yeyote aisome na kuibadilisha. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata mwanya. Mnamo 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kibarua kigumu, nionavyo mimi, kilikuwa istilahi. Sisi Wakenya tulifunzwa shuleni “tarakilishi”. Ndugu zetu Watanzania husema “kompyuta”, basi. Neno la kamusini laweza kukaa miaka bila kuguswa. Lakini neno la menyu hubonyezwa, na mtumiaji asipolielewa papo hapo anarudi kwenye Kiingereza. Nakiri hata mimi nilirudi, tena mara mbili, kabla ya kuzoea “hariri” na “hifadhi”.

Siku hizi naandikia LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka wa 2010. Mistari myekundu imepungua. Jina la kijiji chetu lilikuwa bado linapigiwa mstari, nikaliongeza mwenyewe kwenye kamusi wiki jana.