Jedwali: Mkondo wa Maji Uliogeuka Safu za Tarakimu

Kabla ya kuwa safu za tarakimu, jedwali lilikuwa kijito. Neno la Kiarabu jadwal, lililotupa jedwali letu, kwa asili ni mkondo mdogo wa maji. Baadaye likawa mstari uliochorwa ukurasani, kisha safu zilizotengwa na mistari hiyo. Waajemi walitazama kitanda cha mfumaji: zij, jina la vitabu vya majedwali ya falaki, linatokana na neno lao la kale la uzi. Warumi walisema tabula, yaani ubao.

Jambo lenyewe limeyatangulia majina yote hayo. Huko Shuruppak, kusini mwa Iraq ya leo, yapata mwaka 2600 KK, karani alipanga katika safu, juu ya bamba la udongo, urefu wa pande za viwanja vya mraba na maeneo yake. Miaka kama 800 baadaye, katika nchi hiyohiyo, likaandikwa bamba linaloitwa sasa Plimpton 322, ambalo limehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Lina safu mlalo 15 na safu wima 4, na tarakimu zake ni za pembetatu mraba, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Aliyeliandika hatumjui, nami namheshimu kuliko wafalme wengi wa zama zake.

Kwani jedwali ni jasho la mtu mmoja linalowapunguzia kazi maelfu wasiomjua. Ptolemy wa Alexandria alitengeneza majedwali ya falaki katika karne ya 2. Al-Khwarizmi akaandika zij yake Baghdad katika karne ya 9, na katika karne ya 12 ikatafsiriwa kwa Kilatini. Ulugh Beg wa Samarkand akakamilisha yake mwaka 1437, yenye nyota zaidi ya 1,000. John Napier wa Scotland alitumia takriban miaka 20 kuandaa majedwali ya logi aliyoyatoa mwaka 1614. Kuzidisha tarakimu ndefu kukageuka kujumlisha tu, na wanafalaki na mabaharia wakapumua. Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayefungua kitabu cha majedwali ya tarakimu nne bado anakula matunda ya kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa makosa. Tarakimu moja ikinakiliwa vibaya ingeweza kuipeleka merikebu mwambani. Hilo ndilo lililomsukuma Charles Babbage, miaka ya 1820, kubuni mashine ya kukokotoa na kuchapa majedwali bila mkono wa mtu. Alifariki mwaka 1871 bila kuikamilisha.

Mashine zikaja kwa njia nyingine, ile ya sensa. Kuchambua sensa ya Marekani ya mwaka 1880 kulichukua miaka mingi. Kwa ile ya 1890, Herman Hollerith alileta kadi zilizotobolewa na mashine ya umeme ya kuzihesabu, na jumla ya watu ikapatikana kwa miezi michache. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 muungano huo ukaitwa IBM.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo. Hapo jedwali likaanza kujikokotoa lenyewe: mhasibu akibadili bei moja, jumla zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo.