Kwa baiskeli ya changarawe katika mizabibu ya Bourgogne

MKENYA anayekwenda kazini kwa baiskeli huijua vyema hofu ya kusikia honi ya matatu ikimjia kutoka nyuma. Kando ya lami hapana nafasi, na penye nafasi pana mtaro. Ndiposa inastaajabisha kusikia kwamba katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, mtu anaweza kutoka mji wa Beaune asubuhi, akaendesha baiskeli kwa siku mbili au tatu hadi viunga vya Mâcon, umbali unaozidi kilomita 100, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo asipitwe na chombo chochote chenye injini ila trekta la mkulima wa zabibu.

Baiskeli iliyojipatia sifa katika njia za namna hii ni ile ya changarawe. Usukani wake umepinda kuelekea chini kama wa baiskeli ya mashindano ya barabarani, lakini magurudumu yake ni mapana zaidi, kwa kawaida kati ya milimita 35 na 50, na gia zake ni nyepesi za kupandia milima. Inakwenda kasi kwenye lami, wala haishindwi na kokoto. Mtu aliyezoea barabara za murram za Nyandarua au Uasin Gishu ataelewa mara moja kwa nini ilibuniwa.

Mchezo huu ulipata umaarufu Marekani, hasa katika jimbo la Kansas, ambako mwaka 2006 waendeshaji 34 walianzisha mbio za masafa marefu mjini Emporia. Kufikia mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la baiskeli lilikuwa limeandaa mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyoanzia Vicenza, Italia, na kumalizikia Cittadella, mji uliozungushiwa ukuta tangu Zama za Kati. Hapa kwetu, mbio za Migration Gravel Race zilianza Maasai Mara mwaka 2021. Hata hivyo, changarawe si salama kwa sababu tu haina malori. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa Wakenya waliotambulika zaidi katika mchezo huu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kasi ndiyo inayotofautisha mbio na matembezi, na Bourgogne ni mahali pa matembezi.

Safari huanzia Beaune, mji mdogo ambao ngome zake za kale zingali zimesimama. Katikati yake ipo Hôtel-Dieu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita na njaa, na wawili hao walitaka maskini watibiwe bila malipo. Matajiri waliofuata wakaiachia hospitali hiyo mashamba ya mizabibu katika wasia zao. Hivi leo inamiliki takriban hekta 60, na mvinyo wake umekuwa ukiuzwa kwa mnada kila Novemba tangu mwaka 1859, fedha zikienda kwa tiba. Wagonjwa walihamishiwa jengo la kisasa mwaka 1971, na lile la kale, lenye paa la vigae vya rangi, likawa makumbusho. Usipite mji huu bila kuliona.

Kutoka Beaune, njia iitwayo Voie des Vignes, yaani njia ya mizabibu, huelekea kusini kwa takriban kilomita 22 hadi Santenay. Hupita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, vijiji ambavyo majina yake huonekana kwenye chupa za bei ya kutisha. Kuna vilima, ila si vya kumvunja mtu moyo.

Njia hiyo haikubuniwa kwa ajili ya watalii. Ardhi ya hapa imegawanywa vipande vidogo mno viitwavyo climats, vyenye kuhesabika 1,247, kila kimoja kikiwa na jina, udongo na sifa yake. Shirika la Unesco liliviorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2015. Watawa ndio waliovipima na kuvizungushia kuta za mawe; kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya, na sheria za urithi zikaendelea kuvigawa kizazi baada ya kizazi. Clos de Vougeot, shamba la takriban hekta 50 lililo kaskazini mwa Beaune, lina wamiliki wapatao 80. Wasomaji wetu wa Kisii na Kiambu hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Kila mwenye kipande alihitaji pa kupitia, hivyo vikachipuka vijia vingi vyembamba, vingine vya saruji na vingine vya mawe meupe ya chokaa. Vijia hivyo ndivyo vinavyotumiwa na baiskeli sasa.

Kwa hivyo mwendeshaji ni mgeni katika mahali pa kazi. Trekta hupishwa, zabibu hazichumwi, wala baiskeli haiingizwi katikati ya mistari ya mimea. Hayo huhitaji kuzingatiwa zaidi wakati wa mavuno, mwishoni mwa Agosti na Septemba, vijia vinapojaa wafanyakazi.

Baada ya Santenay mandhari hubadilika. Njia hushuka hadi Canal du Centre, mfereji uliochimbwa karne ya 18 kuunganisha mito Saône na Loire, na kufuata kingo zake kupitia Chagny kuelekea Chalon-sur-Saône. Ni tambarare tupu. Hapa huwa imeungana na EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli itokayo pwani ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi.

Sehemu inayostahili kutafakariwa na wapangaji wa miji yetu ni ile inayofuata. Kati ya Chalon na Mâcon palikuwa na reli. Treni zilipoacha kupita, vyuma viling'olewa, na badala ya kuacha tuta limezwe na vichaka au linyakuliwe, serikali ya wilaya ya Saône-et-Loire ililitia lami. Kilomita 44 za kwanza, kutoka Givry hadi Cluny, zilifunguliwa mwaka 1997, na ndizo zilizokuwa "njia ya kijani" ya kwanza nchini Ufaransa. Baadaye zilirefushwa pande zote mbili. Mwaka 2004 sheria za barabara zikatambua rasmi njia za aina hiyo kuwa za watembea kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi pekee. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, wala mwendeshaji hapandi. Hata mtoto au mzee huweza kuimaliza kwa hatua. Stesheni nyingi za zamani bado zipo njiani.

Tuseme ukweli: baiskeli yoyote nzima yatosha kwa lami hii. Ile ya changarawe hukupa uhuru wa kuiacha na kukwea vijia vya vilimani, kisha kurejea.

Njia hupita karibu na Saint-Gengoux-le-National, mji wenye vichochoro vya Zama za Kati, kisha Cormatin na kasri lake. Karibu na hapo ni Taizé, makao ya jumuiya ya kiekumene iliyoanzishwa na Bruda Roger, ambayo wakazi wa Nairobi waliipokea mwaka 2008 ilipoandaa mkutano wa vijana jijini. Halafu huja Cluny. Abasia yake iliasisiwa mwaka 910, na kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1088, lenye urefu wa mita 187, lilikuwa kubwa kuliko yote katika ulimwengu wa Kikristo hadi Basilika ya Mtakatifu Petro ilipojengwa upya Roma. Baada ya Mapinduzi liliuzwa na kubomolewa ili mawe yake yauzwe. Kilichobaki hakifiki sehemu moja ya kumi, na mgeni hulazimika kukisia ukubwa wake kwa kutazama mnara mmoja.

Kusini mwa Cluny njia huingia katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa takriban kilomita 1.6. Ndani ni baridi hata Julai, kwa hivyo beba koti. Wakati wa baridi hufungwa kwa sababu popo hulala humo, na wasafiri hulazimika kuuvuka mlima.

Miezi inayofaa ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Treni za eneo husimama Beaune, Chagny, Chalon na Mâcon, na huchukua baiskeli ingawa nafasi huwa chache. Asiyetumia kileo hatakosa la kufanya, maana vijiji na makanisa ni ya bure. Naye atakayeonja mvinyo akumbuke kwamba kipimo cha gramu 0.5 za kileo kwa lita moja ya damu humhusu mwendesha baiskeli sawa na dereva wa gari. Alkoblo ya Wafaransa haiangalii idadi ya magurudumu.