Roboti ya Kabatini, Roboti ya Rafuni

Mwezi Juni 1999 kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wa mitambo aliyeitwa AIBO. Bei yake Japani ilikuwa yen 250,000, na Marekani dola 2,500. Hakupangwa dukani. Aliuzwa kwa intaneti, enzi ambayo watu wengi walikuwa bado wanaogopa kuandika namba ya kadi ya benki mtandaoni. Mbwa 3,000 waliotengewa Japani waliisha kwa dakika 20. Wale 2,000 wa Marekani walichukua siku nne. Wengi wa walionunua hawakuwa wamewahi hata kumgusa kabla.

Kisha ingia katika duka kubwa la vitu vya watoto la Marekani, utafute roboti ya bei hata robo ya robo ya hiyo. Mara nyingi utaikuta imedoda rafuni, sanduku limepauka upande wa dirisha, kibandiko cha punguzo kimebandikwa juu ya kibandiko kingine cha punguzo.

Jibu la haraka ni kwamba bei ni kubwa. Silikubali, kwa sababu ya wale mbwa. Bei inakuwa kubwa au ndogo kutegemea nani amesimama mbele yake, na duka haliwezi kuchagua nani aingie.

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua kwamba rafu inalipiwa kodi iwe imeuza au haijauza. Sanduku moja la roboti kubwa linakalia nafasi ya magari madogo ambayo yangetoka kila Jumamosi. Na anayeingia katika duka lile la Marekani, hasa kuelekea Krismasi, ni bibi, shangazi au mzazi aliyechoka, mwenye kiwango chake kichwani ambacho zawadi ya mtoto haitakiwi kukivuka. Anaona roboti mbili, zote nyekundu na buluu, zote zina jina lile lile kwenye sanduku. Moja ni dola 20, nyingine dola 80. Kinachozitofautisha kimo ndani: viungo vinavyokaza vizuri, uzito wa chuma, jinsi mlango wa lori unavyogeuka kuwa kifua bila kuacha ufa. Lakini sanduku limefungwa kwa gundi na haruhusiwi kulifungua. Anachukua ya dola 20, na mimi nasema amefanya sawa. Mtoto wa miaka sita angeivunja ile nyingine kabla ya Mwaka Mpya.

Mkusanyaji, yule ambaye roboti ya dola 80 ilitengenezwa kwa ajili yake, hayupo dukani. Ameshaweka oda miezi kadhaa nyuma. Akija, anakuja kukagua kona za sanduku, maana kwake sanduku nalo ni mali, na kona ikibonyea bei yake ya baadaye inabonyea pia. Au anakuja kuchungulia kibandiko. Ameshaona mara nyingi kwamba mzigo uliolala hushushwa bei, basi anangoja. Wahenga walisema subira huvuta heri. Kwake yeye subira huvuta bei chini. Ndivyo duka linavyobaki na watu wa aina mbili: asiyeijua bidhaa, na anayeijua lakini anaisubiri ishuke.

Japani walifikaje mahali pengine? Mwaka 1974 kampuni ya Popy, tawi la Bandai, ilitoa roboti ndogo nzito ya Mazinger Z, iliyotengenezwa kwa aloi ya zinki. Ikaitwa Chogokin, jina la metali ya kubuni inayounda mwili wa shujaa huyo katika hadithi ya Go Nagai. Watoto waliipenda kwa uzito wake. Mwaka 1997 Bandai iliwarudia watoto wale wale, sasa wenye mishahara, kwa mfululizo wa Soul of Chogokin. Haikuwadanganya wazazi kwamba ni kitu cha mtoto. Ilielekezwa kwa wenye miaka 15 na kuendelea.

Kwa Gundam, roboti nyingine ya katuni, waliijenga ngazi ya bei pole pole zaidi. Modeli ya kwanza ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe, ilitoka Julai 1980 kwa yen 300, pesa ya mtoto kabisa. Mwaka 1998 ikaja Gundam hiyo hiyo ya daraja la Perfect Grade, kwa yen 12,000. Kati ya bei hizo mbili mtu alikuwa amekua, amejifunza kukata vipande na kusugua alama za kisu, na mikono yake ilijua kwa nini ya pili ni ghali. Hakuhitaji sanduku lifunguliwe.

Kuna pia desturi ya oda ya awali, ambapo duka la wapenzi wa modeli linaagiza likiwa tayari na orodha ya majina. Na kuna maduka ya mitumba kama Mandarake, lililoanza Nakano mwaka 1980 likiuza vitabu vya katuni, ambako roboti ya zamani hupewa bei kulingana na hali yake na ya sanduku lake. Anayejua kwamba kesho ataweza kuuza hanunui kwa woga. Lakini tusiipambe Japani kupita kiasi. Huko nako kuna makapu ya bei ya kutupa yaliyojaa mashujaa ambao kipindi chao cha televisheni hakikupendwa.

Mfano mmoja unaeleza mapokeo haya mawili, ya Marekani na ya Japani, kuliko hoja zangu zote. Roboti za Transformers ziliingia Marekani mwaka 1984 kupitia Hasbro, lakini nyingi zilikuwa mali ya Takara, zikiuzwa Japani kwa majina ya Diaclone na Microman. Katika Diaclone roboti ilikuwa chombo, na ndani yake aliketi rubani mdogo mwenye sumaku miguuni. Wamarekani wakamwondoa rubani, wakaipa roboti jina na tabia. Bob Budiansky wa Marvel alibuni mengi ya majina hayo. Kuanzia hapo roboti ikawa rafiki wa mtoto, na makazi yake yakawa rafu ya watoto.

Mwishoni mwa 2003 Takara ikatoa Convoy, ndiye Optimus Prime wa Wamarekani, katika mfululizo mpya wa Masterpiece: kubwa, nzito kwa chuma, ya watu wazima. Mwaka uliofuata Hasbro ikaileta Marekani. Mabomba ya moshi ya lori yalikuwa yamefupishwa ili yakidhi kanuni za usalama wa watoto. Yaani roboti iliyotengenezwa kwa ajili ya kabati la kioo ililazimika kukatwa ili ifae rafu ya mtoto ambaye hakukusudiwa kuigusa.

Pwani yetu inalijua kwa njia yake jambo hili la kitu kuhitaji mahali pake. Katika nyumba za mawe za Lamu, sahani za kaure kutoka Uchina zilipangwa kwenye zidaka za ukutani, na huko Kunduchi bakuli za kaure zilipachikwa kwenye makaburi ya nguzo. Hazikuwa za kulia wali. Tandika sahani hiyo kwenye mkeka sokoni kando ya vyungu na miiko, mpita njia atauliza kwa nini ni ghali hivyo, na utakosa la kumjibu. Nyumbani kidaka chenyewe kilimjibu mgeni.

Toys "R" Us ya Marekani, kampuni ya maduka ya vitu vya watoto ambako pekee baadhi ya Masterpiece ziliuzwa, ilifunga maduka yake mwaka 2018. Roboti hazikuiua, madeni iliyobebeshwa iliponunuliwa mwaka 2005 yalitosha. Maduka ya jina hilo Japani, la kwanza lilifunguliwa mwaka 1991, hayakufungwa pamoja nayo. Ila hapo mkusanyaji wa Marekani alipoteza rafu ambayo hata hivyo haikuwa yake.

Mwaka 2019 Hasbro ilijaribu njia nyingine kwa Unicron wa Transformers, sayari inayogeuka jitu la takriban sentimita 70. Bei ilikuwa dola 574.99, na sharti moja: wapatikane watu 8,000 wa kuilipia, la sivyo haitengenezwi. Muda wa kwanza uliisha idadi haijatimia. Ukaongezwa, na Oktoba ikatimia. Roboti hizo zilifika milangoni kwa wenyewe mwaka 2021, zikiwa zimeshalipiwa zamani.