Kubeba Baiskeli katika Njia ya Rufiji: Kutoka Mtumbwi hadi Keria ya Baiskeli za Umeme

Ikwiriri iko ukingo wa kaskazini wa mto Rufiji, kwenye barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Kibiti kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara. Kwa muda mrefu baiskeli imekuwa chombo cha kubebea mizigo ya watu wa hapa, na yenyewe imekuwa mzigo wa vyombo vingine: mtumbwi, pantoni, basi na lori. Namna ilivyobebwa zamani ndiyo inayoeleza vizuri kwa nini keria ya gari inayotosha baiskeli nyepesi inashindwa na baiskeli nzito ya umeme. Katika njia hii jambo lililoamua lilikuwa kimo: mzigo unainuliwa hadi wapi, na nani yuko huko juu kuupokea. Uimara wa chuma ulikuja baadaye.

Baiskeli ilipata umuhimu wake mkubwa Rufiji baada ya mafuriko ya 1968. Hadi wakati huo Warufiji wengi waliishi bondeni, kwenye miinuko midogo katikati ya mashamba yao ya mpunga na mahindi, wakilima kwa kufuata maji ya mto yanavyopanda na kushuka. Mwaka uliofuata serikali ilianza Operesheni Rufiji, iliyowahamishia watu kwenye ardhi ya juu upande wa kaskazini, katika vijiji vya ujamaa, Ikwiriri ikiwa kimojawapo. Nyumba zilihama, lakini rutuba ilibaki bondeni. Mkulima akawa na makazi mahali pamoja na shamba mahali pengine, kilomita kadhaa mbali, na wakati wa kuwinga ndege na kufukuza nguruwe alilazimika kulala kwenye dungu hukohuko shambani. Kilichounganisha nyumba na dungu kilikuwa miguu, mtumbwi na, kwa aliyejaliwa, baiskeli.

Baiskeli hizo zilikuwa za aina moja kwa umbo hata chapa zilipotofautiana: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Avon ya India, na baadaye Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam. Zilikuwa na mtalimbo wa juu, tairi pana, na uzito wa karibu kilo 20. Keria ya nyuma iliyotoka kiwandani haikutosheleza mahitaji, hivyo mafundi wa kuchomelea waliongeza vipande vya nondo kutoka kwenye ekseli hadi chini ya kiti. Juu yake vilifungwa, kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, magunia ya mkaa na mpunga, mikeka, na matenga ya perege na kambale kutoka maziwa ya bonde kama Ruwe.

Chombo cha kwanza kubeba baiskeli yenyewe kilikuwa mtumbwi. Kanuni yake ilikuwa kulaza. Baiskeli ililazwa ubavu katikati ya chombo, usukani ukiwa umegeuzwa ulingane na mwili wake, kwa kuwa kitu chochote kizito kinachosimama juu ya ukingo huufanya mtumbwi wa gogo moja uyumbe. Aliyeshika pondo alihitaji uzito uwe chini na katikati, na abiria mwenye baiskeli alikaa baada ya baiskeli kutulia, si kabla.

Kwa magari, mto ulivukwa kwa pantoni ya Ndundu. Hapo baiskeli ilikuwa na heri kuliko basi: ilisukumwa tu hadi ndani na kuegemezwa pembeni, wakati magari yakisubiri zamu. Mvua za masika zilipojaza mto na kuharibu barabara ya kusini, foleni ya magari iliweza kukaa siku kadhaa. Mwenye baiskeli aliweza kuvuka na kuendelea na safari yake, na wenye mabasi wakabaki.

Basi ndilo lililoleta tatizo la kimo. Mabasi ya njia ya kusini yalikuwa na keria ya mabomba ya chuma iliyofunika karibu paa lote, na ngazi nyembamba nyuma. Kupandisha baiskeli kulihitaji watu wawili, mara nyingi watatu. Utingo alitangulia juu. Mwenye baiskeli, au mpakiaji wa stendi, aliiinua kwa mtalimbo hadi begani, akapanda vidato viwili au vitatu vya ngazi, kisha akaielekeza juu gurudumu la mbele likitangulia. Utingo alishika uma, akavuta, na mtu wa tatu akasukuma kutoka chini kwa kushika tairi la nyuma. Ikifika juu, nati ya usukani ililegezwa ili usukani ukae sambamba na baiskeli, nayo ikalazwa upande wa mnyororo ukitazama juu, ili sehemu za mnyororo zisigandamizwe kwenye mabomba. Kamba ya katani ilipitishwa kwenye mwili wa baiskeli, kamwe si kwenye spoku, ikazungushwa bomba la keria na kukazwa kwa mguu. Ujuzi huo haukuandikwa popote, lakini ulikuwa kamili: ulijua kitu kipi kinaumia, uzito ukae wapi, na nani ashike nini.

Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu mbili. Baiskeli ya kilo 20 iko ndani ya uwezo wa watu wawili wanaoinua juu ya vichwa vyao, na utingo alikuwepo daima. Ondoa sababu moja, na keria ya juu inageuka mzigo kwa mwenye baiskeli.

Magari madogo yalifuata njia ileile ya paa. Peugeot 404 na 504, pamoja na Land Rover, zilikuwa na mfereji wa kukinga maji ya mvua kando ya paa, na keria ilibanwa moja kwa moja kwenye kingo hizo za chuma. Ulaya hali ilikuwa hivyohivyo: kampuni ya Thule ya Sweden, iliyoanzishwa 1942, iliingia katika biashara ya keria za gari miaka ya 1960, wakati magari ya familia yalipoenea. Watengenezaji wa magari walipoacha mifereji hiyo, kuanzia miaka ya 1980, keria ilianza kushikiliwa na reli maalumu au kubanwa kwenye fremu ya mlango. Uwezo wa kubeba ukapungua, na kwa magari mengi madogo kikomo cha paa leo ni karibu kilo 75, keria yenyewe ikiwa imehesabiwa.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa na kazi ya pantoni ikaisha. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 zilizokuwa mateso ya wasafiri kwa miaka mingi, kilikuja kupata lami baadaye sana. Mabasi yaliyofuata yalikuja na buti chini ya sakafu, Coaster na Hiace zikashika safari fupi, na bodaboda za India na China zikachukua sehemu kubwa ya mizigo iliyokuwa ya baiskeli. Utingo wa paani akatoweka taratibu.

Baiskeli ya umeme imeingia Afrika Mashariki katika mazingira hayo mapya. Jinja, nchini Uganda, shirika la FABIO limekuwa likisambaza baiskeli za umeme za kubebea mizigo. Mota, betri na fremu iliyoimarishwa huifikisha baiskeli ya kawaida ya umeme kwenye kilo 25 hivi, na ya mizigo huzidi 30. Mbili za kilo 27 ni kilo 54. Zikiongezwa kilo 14 za keria na mifereji ya tairi, paa lenye kikomo cha kilo 75 linakuwa limekaribia kujaa, na hapo ni kwenye lami iliyonyooka. Paa la Land Cruiser liko karibu mita 1.9 kutoka ardhini. Mtu mmoja kuinua kilo 27 hadi kimo hicho, bila wa kumpokea, ni kujitafutia kuumia mgongo.

Kwa hiyo keria ya nyuma, inayokaa kwenye kichwa cha kuvutia tela, ndiyo inayofaa zaidi kwa gari dogo. Zinazoning'iniza baiskeli kwa mtalimbo hazifai: baiskeli nyingi za umeme zina fremu nene yenye betri ndani, nyingine hazina mtalimbo kabisa, na uzito wote huishia kwenye sehemu moja. Inayofaa ni ya jukwaa, ambayo tairi zote mbili hukaa kwenye mfereji na mkono hushikilia fremu isianguke tu. Kila mfereji uwe umeandikwa uwezo wa kilo 30 au zaidi, na ubao wa kupandishia uwepo, ili baiskeli isukumwe badala ya kuinuliwa, kama ilivyoingizwa kwenye pantoni.

Halafu kiangaliwe kikomo cha gari. Keria ya kilo 20 na baiskeli mbili za kilo 27 ni kilo 74. Kichwa cha tela kinachoruhusu kilo 50 hakiwezi kubeba mbili, hata keria iwe imara kiasi gani. Kadiri baiskeli inavyokaa mbali na gari, ndivyo inavyovuta zaidi, hivyo iliyo nzito huwekwa karibu na mlango wa nyuma. Matuta ya Kibiti na Ikwiriri, na njia za vumbi za vijijini, huzidisha nguvu inayoipiga keria. Baadhi ya watengenezaji hupunguza uwezo wa keria kwa njia za aina hiyo, na maelezo hayo yapasa kusomwa kabla ya kununua.

Betri huondolewa kabla ya safari: mzigo hupungua kwa kilo 3 hivi, na betri huepushwa na mvua, vumbi na mtikisiko. Hubebwa ndani ya gari, lakini haiachwi kwenye gari lililofungwa juani. Keria isifiche taa wala namba za gari. Ikizificha, ubao wenye taa na namba hufungwa nyuma yake. Kwa mwenye pikapu hesabu ni nyepesi zaidi: ubao mmoja wa kupandishia, tairi za mbele ziegemee kichwa cha bodi, mikanda miwili kwa kila baiskeli, na gunia lililokunjwa kati ya fremu na fremu.